Mstari Mmoja Kwenye Majibu ya Kinyama

Sisi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, tulijua kuhesabu askari wa mwili kabla ya kujua mengine yote. Nilipoanzishiwa dawa za kufubaza virusi mwaka 2008, swali la foleni lilikuwa moja tu: "Una ngapi?" Hakuna aliyeuliza ngapi za nini. Ni CD4, zile chembe nyeupe za damu ambazo VVU huzivamia. Mwenye 600 alipita kifua mbele. Mwenye 90 alijikunyata benchi la nyuma, kanga imemfika puani. Wakati huo kwa kawaida ulisubiri zishuke chini ya 200 ndipo upewe dawa. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi 350, na tangu 2016 ukikutwa na virusi unaanza, uwe na 90 au 900. Siku hizi kliniki zinafuatilia zaidi wingi wa virusi, na vijana wanaoanza dawa leo hawaijui ile hofu ya namba.

Nayaeleza haya kwa sababu habari yangu ya saratani ya mlango wa kizazi ni habari ya chembe hizo hizo na ndugu zake, ila safari hii hazikuhesabiwa kwenye damu. Zilionekana ndani ya uvimbe.

Naishi Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Nauza viazi mviringo kwa jumla. Mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, zaidi ya watu wazima 10 katika kila 100, kwa hiyo mimi kusema naishi na virusi si ushujaa wowote. Nusu ya wateja wangu tunakutana kliniki. Saratani ndiyo niliyoificha.

Damu ilianza kunitoka nje ya siku zangu mwishoni mwa 2021. Ikawa inatoka kila baada ya tendo la ndoa, kisha yakaja majimaji yenye harufu ambayo hakuna sabuni inayoiondoa. Zahanati moja ilinitibu U.T.I., ikanitibu fangasi, ikarudi kunitibu U.T.I. Vidonge, sindano, vidonge. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Panda kitandani nikuangalie." Nalaumu, na sioni haya kulaumu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 ya kupata saratani hii kuliko asiye na virusi. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kumjia kichwani yeyote anayempokea mwanamke anayevuja damu katika mkoa kama wetu.

Aliyenishtukia ni nesi wa CTC, dada mmoja mkali tunayemwogopa wote. Aliisikia harufu kabla sijafungua mdomo. Akafunga mlango, akavaa glavu. Kipimo chao ni cha siki: hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Kwangu siki haikuhitajika. "Mama, hapa pana kidonda," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. Upole ule ndio ulionitisha.

Ikaja rufaa, ikaja kukatwa kinyama cha kupimwa, ukaja ule muda wa kusubiri majibu ambao sitaueleza kwa sababu kila aliyewahi kusubiri anaujua na asiyesubiri hatauelewa. Wifi yangu ndiye aliyenisindikiza Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, yale majengo ya Wajerumani yanayotazama bahari. Ndugu wa mume wanasemwa vibaya sana katika nchi hii. Wa kwangu aliacha duka lake likiwa limefungwa na watoto kwa jirani.

Majibu yalikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Daktari kijana aliyekuwa akisomea ubingwa alinisomea: saratani inayoanzia kwenye seli bapa za juu, ukali wa wastani, imeshavamia ndani. Kipimo cha mkono na picha vilionyesha imetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia kwenye nyama za pembeni, lakini haijafika ukutani kwa nyonga. Hiyo ndiyo wanaiita hatua ya pili B. Akaikunja karatasi.

"Mwanangu, hujamaliza," nikamwambia. "Kuna mstari huku chini hujausoma."

Akaifungua tena. "Huu? Aliyepima anasema ameona limfosaiti nyingi zimejipenyeza kwenye uvimbe."

"Limfosaiti ndiyo nini?"

"Chembe za kinga, mama. CD4 unazozijua zimo humo, na wenzao."

"Kwa hiyo askari wangu wameshafika huko?"

"Wamefika."

"Sasa mbona uvimbe upo?"

Wagonjwa walikuwa wengi nje, lakini nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza vile. Akavuta kiti, akageuza fomu ya maabara na kuanza kuchora nyuma yake.

Alichonieleza nimekirudia mara nyingi kwa wanawake wengine, kwa hiyo sasa naweza kukisema bila yeye. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huanza na kirusi kiitwacho HPV, ambacho hupatikana kwa njia ya kujamiiana. Aina mbili tu, namba 16 na namba 18, ndizo zinazobeba lawama kwa wagonjwa kama 70 katika kila 100. Wengi wetu tunakipata kirusi hiki tukiwa vijana na hatujui, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja au miwili chembe za kinga hukifuta. Pale ambapo CD4 ni chache, kirusi hukaa. Kikikaa miaka mingi, hutengeneza protini zake mbili, E6 na E7, ambazo huvunja breki za seli: seli inayopaswa kuacha kugawanyika haiachi, na iliyoharibika haijiui.

Hapo ndipo aliponishangaza. Protini hizo mbili ni za kirusi, si za mwili wangu. Saratani nyingine nyingi hutokana na seli zetu wenyewe zilizoharibika, kwa hiyo kinga huzitazama na kuona ndugu. Saratani hii inatembea na kitambulisho cha kigeni, na haiwezi kukitupa, kwa kuwa bila E6 na E7 haiishi. Ndiyo maana chembe za kinga huijia. Zipo zinazoua zenyewe, zinazoitwa CD8. CD4 huzisaidia na kuzichochea.

"Lakini na uvimbe nao si mjinga," akasema. Hupunguza vile vibao vya juu ya seli vinavyoonyesha kilichomo ndani, ili CD8 ipite bila kuona kitu. Huweka juu yake protini inayoiambia CD8 ipoe. Na huita aina nyingine ya CD4, ambayo kazi yake halali mwilini ni kuzuia kinga isitushambulie sisi wenyewe. Hizo zikijaa kwenye uvimbe, CD8 zinakaa pale pale na hazipigani.

Nikauliza lile ambalo kila mgonjwa huuliza. Limfosaiti kuwamo humo ni dalili njema au mbaya?

Akasema, kwa jumla, njema. Mwaka 2007 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walitoa uchunguzi wa wanawake waliokuwa na uvimbe mkubwa wa hatua za mwanzo. Waliokuwa na CD8 nyingi katikati ya seli za saratani, mara nyingi saratani yao haikuwa imefika kwenye tezi za limfu, na tezi za limfu ni moja ya mambo makubwa yanayoamua mgonjwa ataishi muda gani. Mwaka uliofuata, kutoka huko huko, wakaonyesha kwamba kuhesabu CD8 peke yake hakutoshi: unatazama CD8 ni ngapi kwa kila chembe ya kuzuia. Uwiano ukiwa mdogo, mambo huwa mabaya zaidi.

"Na mimi uwiano wangu?"

"Hatujaupima, mama. Mstari huu haubadilishi matibabu yako hata kidogo. Ungeandikwa usiandikwe, mionzi ni ile ile."

Nilitoka pale nimeshika karatasi kama hati ya kiwanja. Wifi akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia askari wamefika. Akasema, "Haya, tutafute wali."

Matibabu ya hatua yangu hayana siri. Mionzi ya nje siku 5 kwa wiki, kwa kawaida vipindi kama 25, na dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani ambayo kifaa huwekwa mle mle kwenye mlango wa kizazi. Yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8, kwa sababu kila yanapochelewa uvimbe unapata nafasi. Sisplatini ni adui wa figo, na vidonge vyangu vya VVU, vile vya TLD, vina tenofovia ambayo nayo figo haziipendi sana. Kwa hiyo nilikunywa maji hadi nikachoka kuyaona, na kila wiki walinitoa damu kupima figo, wekundu wa damu na chembe nyeupe. Wekundu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: mionzi inahitaji oksijeni kuua vizuri, na oksijeni huletwa na damu. Niliongezewa damu kabla ya kuanza. Kuharisha kulikuja, ngozi ya nyuma ikababuka, hedhi ikakata moja kwa moja. Mionzi ya ndani sitaielezea. Inavumilika, na nesi akikushika mkono inavumilika zaidi.

Lililonivunja nguvu ni karatasi. Katikati ya matibabu chembe nyeupe zilishuka, na ndani yake limfosaiti zilishuka kuliko zote. Dripu ya wiki ile ikaahirishwa. Nikarudi kuwa yule mwanamke wa benchi la nyuma mwaka 2008. Nikamfuata daktari wangu kwenye korido, sikusalimia.

"Mnawaua wale wale walioandikwa kwenye mstari."

Hakukataa, na hilo ndilo ninalomheshimia. Akasema limfosaiti ni miongoni mwa seli zinazokufa upesi kuliko zote zikipigwa mionzi, na mionzi ya nyonga inapita kwenye damu, kwenye tezi na kwenye uroto wa mifupa. Ni kweli wanakufa. Lakini seli za saratani zikipasuliwa na mionzi humwaga vipande vyake nje, na kinga inayozaliwa upya hujifunza kutoka kwenye vipande hivyo. Halafu akasema sentensi ambayo sijaisahau:

"Mama, askari wako walikuwa humo kabla hujafika hapa, na uvimbe ukaendelea kukua. Tungewaachia wao peke yao, tungekuzika."

Nikaenda zangu kunywa maji.

Tulipofikia kwa ajili ya kulala alikuwapo bibi mmoja kutoka Songea. Alikuwa akitufundisha kusuka ukili wakati wa kusubiri zamu, na alikuwa na ulimi. Nilipomwonyesha karatasi yangu kwa majivuno, akatoa yake kwenye mkoba wa plastiki. Tukamwomba mwanafunzi mmoja wa uuguzi atusomee. Mstari ulikuwa ule ule. Limfosaiti nyingi zimejipenyeza. Bibi akacheka, akasema basi sisi ni kikosi kimoja.

Yeye alikuwa hatua ya tatu B. Uvimbe ulishafika ukutani kwa nyonga na kuziba mrija wa figo moja. Alimaliza mionzi akarudi kwao. Mwaka uliofuata binti yake alinipigia simu kwamba wamemzika.

Niliporudi kliniki nilimuuliza daktari: sisi wawili tulikuwa na mstari mmoja, imekuwaje? Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, hatua ya ugonjwa inasema kwa sauti kubwa kuliko chembe zote. Figo iliyoziba ni figo iliyoziba. Pili, mstari ule hausemi ni limfosaiti gani. Kwenye darubini ya kawaida, kwa rangi za kawaida, CD8 inayoua na CD4 inayozuia zinafanana: viduara vidogo vyeusi. Kuzitofautisha kunahitaji rangi maalumu zinazonasa kila aina kwa alama yake, na hiyo ni kazi ya utafiti zaidi kuliko kazi ya kila siku ya maabara. Inawezekana bibi alikuwa na umati wa wazuiaji. Inawezekana alikuwa na wauaji wengi waliobaki pembezoni, hawakuingia katikati ya seli za saratani. Na hata kama angekuwa na uwiano mzuri kuliko wangu, zile tafiti ziliwahesabu wanawake wengi pamoja. Zinasema kundi hili lilifika mbali kuliko lile, haziwezi kumtaja bibi wala mimi. Niliumia, lakini nilipendelea kuumia kwa namna ile kuliko kuendelea kuamini kwamba mimi nimepona kwa sababu mwili wangu ni hodari na yeye amekufa kwa sababu wake ulikuwa mvivu. Bibi yule alilima mahindi hadi mwezi aliopelekwa hospitali.

Hapa lazima niseme kuhusu wauza kinga. Ukishajulikana una saratani, simu yako haipumziki. Kuna unga, kuna matone, kuna chai, kuna chupa yenye picha ya mzungu aliyevaa koti jeupe, na vyote "vinaongeza kinga". Mmoja alinikuta hadi sokoni, akaniambia dawa yake inapandisha CD4 na kuyeyusha uvimbe kwa pamoja, bei ni magunia matatu ya viazi, tena lumbesa. Nilimuuliza inapandisha CD4 zipi, za kusaidia au za kuzuia? Akaniambia zote. Nikamwambia basi ondoka nayo, za kuzuia sizihitaji. Wanawake wameacha mionzi nusu kwa ajili ya chupa hizi, na hilo ndilo linalonitoa kwenye utani.

Wakati huo huo, kuna watu wanaozishughulikia chembe hizi kwa dhati. Mwaka 2015 madaktari wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa habari za wanawake 9 waliokuwa na saratani hii ikiwa imesambaa. Walitoa limfosaiti kwenye uvimbe wa kila mmoja, wakazizidisha maabara, wakamrudishia mwenyewe kwa wingi. Watatu uvimbe ulipungua, na wawili kati yao ulitoweka kabisa. Wawili kati ya tisa si wengi, lakini kwa ugonjwa uliosambaa hata mmoja ni ajabu. Njia nyingine ni dawa zinazozuia ujumbe wa ile protini ya kuipoza CD8. Mmarekani James Allison na Mjapani Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kufungua mlango huo. Mojawapo, pembrolizumab, iliongezwa kwenye mionzi na sisplatini katika jaribio la wanawake zaidi ya 1,000 wenye ugonjwa uliokomaa. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai ni karibu 83 katika kila 100, na kwa waliopata mionzi na sisplatini bila dawa hiyo ni 75. Marekani waliiidhinisha kwa matumizi hayo Januari 2024, kwa hatua ya tatu na ya nne A. Daktari aliponitajia bei ya dozi moja nilidhani ameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Wanawake wa hatua ya tatu B wako Songea, wako Sumbawanga, wako Makambako. Dawa haipo huko.

Mimi nimemaliza. Picha na vipimo vya mkono vinatoka safi, kliniki za kila miezi mitatu zimekuwa za kila miezi sita. Utumbo haujarudi kama zamani, na chumbani kulihitaji subira, vilainishi na mume asiyenuna. Kwa bahati nimepata viwili vya kwanza na theluthi mbili ya cha tatu. Binti yangu alichanjwa shuleni mwaka 2019 akiwa na miaka 14, mwaka mmoja baada ya chanjo ya HPV kuanza nchi nzima. Tangu 2024 wanachanjwa kuanzia miaka 9, dozi moja tu, na kwenye mkutano wa wazazi kulikuwa na baba aliyesimama kusema inafunga uzazi. Nikasimama baada yake na kueleza ni nini hasa kilichofunga uzazi wangu. Alikaa.

Alhamisi ni siku yangu CTC, kwa kujitolea. Yule nesi mkali amenipa kazi ya kukaa kwenye foleni na kuwaingiza wanawake chumba cha kipimo, kwa sababu kile chuma cha kupimia kinawatisha na mimi nina kanga ya akiba na maneno ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linataka anayeishi na VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25. Kila mmoja humkuta akinong'ona kwamba virusi vyake havionekani, CD4 ziko juu, kwa hiyo hana haja. Huwaambia zangu pia zilikuwa juu. Wiki iliyopita mama wa miaka 31, muuza mitumba, siki ilionyesha doa jeupe. Hakuna aliyelazimika kumtazamia limfosaiti wala hatua. Walimchoma hapo hapo kwa kifaa cha joto, haikufika hata dakika mbili, akapewa maelezo na tarehe ya kurudi, na saa tisa nilimwona stendi akimwaga mzigo wake wa magauni kwenye turubai.